Ardhi ya umma Marekani: tulikodolea macho mnada, mfuko ukatobolewa kwa nyuma

Mzee wa Tela (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Naendesha lori huku Marekani, upande wa magharibi, huu mwaka wa saba. Kuna jambo limenikaa kooni tangu kiangazi cha 2025. Leo nimeegesha kituoni nasubiri zamu ya kupakia, muda ninao, acha niliteme. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Ukitoka Reno ukashika barabara namba 50 kwenda Ely, unapita Fallon, Austin, Eureka, na katikati ya miji hiyo hakuna kitu. Unaendesha saa nzima, hakuna kitu. Ni vichaka vya rangi ya majivu vinavyokugota magotini, mlima, bonde, mlima, bonde. Siku moja mvua ilikuwa imepita, nikasimama pembeni kukagua matairi. Vile vichaka vikilowa vinatoa harufu kali, kama dawa ya miti shamba inayochemka, inakuzibua pua mpaka kisogoni. Pembeni alikuwepo mzee wa Kizungu na hema lake na mbwa. Nikamuuliza, mzee, hili shamba la nani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni la nani. Akasema, "Lako."

Nikadhani ananitania. Akanieleza kuwa ana siku ya tisa pale, hajalipa senti wala hajaomba ruhusa kwa mtu, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo unaruhusiwa kukaa mpaka siku 14 ndipo uhame. Yeye huja kila mwaka.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia. Serikali kuu ya Marekani inashikilia takriban ekari milioni 640 kwa niaba ya wananchi. Ni zaidi ya robo ya nchi. Ukiigeuza kilomita za mraba, inaizidi Kongo ya Kinshasa nzima. Kipande kikubwa, kama ekari milioni 245, kiko chini ya BLM, idara inayosimamia nyika na malisho. Misitu ya taifa ni kama milioni 193. Hifadhi za wanyamapori na hifadhi za taifa tunazoziona kwenye picha, Yellowstone, Grand Canyon na wenzake, zinafuata kwa mbali. Na karibu yote iko magharibi. Nevada asilimia kama 80 ni ya serikali kuu, Utah zaidi ya 60. Nenda Connecticut, haifiki hata asilimia moja.

Nitaendelea, nakunywa chai kwanza.

Kiroboto Mkavu

Tiririka mkuu, nimevuta kiti.

Mzee wa Tela

Naendelea.

Karne ya 19 serikali ilikuwa inaigawa kama njugu. Sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa miaka mitano na kulima. Kampuni za reli zikapewa vipande vya maili mraba, kimoja chao kimoja cha serikali, kimoja chao kimoja cha serikali, mfano wa bao la drafti (mshikilie hilo bao, nitalirudia). Palipofaa kulimwa pakachukuliwa. Ambapo hakuna aliyepataka, pakavu au pa mawe, pakabaki kwa serikali. Ndiyo maana nacheka nikisikia kwamba serikali "ilipora" ardhi ya majimbo. Ilibaki mkononi kwa sababu wanunuzi walipita wakaiona haina faida.

Mwaka 1976 Bunge likasema basi. Sheria ya mwaka huo ikaweka msimamo kwamba ardhi hii itabaki mikononi mwa taifa, na kuuza kuwe kwa kipande, kwa sababu maalumu, baada ya mipango kuonyesha kuwa kipande hicho kiuzwe. Watu wa magharibi walikasirika, kukazuka vuguvugu lililopewa jina la vile vichaka vya majivu, na hasira hiyo haijawahi kuzimika. Inalala, inaamka.

2025 iliamka vizuri. Mwezi Mei, kwenye ule muswada mkubwa wa kodi na matumizi, wabunge wawili, mmoja wa Nevada na mmoja wa Utah, walichomeka kifungu cha kuuza mamia ya maelfu ya ekari za majimbo yao. Kilichomekwa usiku, kamati ikiwa imechoka. Aliyesimama kidete kukitoa ni Ryan Zinke wa Montana, mtu wa chama chao kilekile, Republican. Huyu Zinke alikuwa waziri wa Wizara ya Ndani enzi za muhula wa kwanza wa Trump. (Jina lisikuchanganye, kazi yake kuu si polisi wala magereza. Ni ardhi, hifadhi, maji, na mambo ya makabila ya Wenyeji.) Kifungu kikatoka.

Juni likaja kubwa zaidi. Seneta Mike Lee wa Utah alitaka iuzwe kati ya nusu asilimia na robo tatu ya asilimia ya ardhi za BLM na misitu ya taifa katika majimbo 11. Asilimia inaonekana ndogo, ila hesabu yake ni ekari milioni mbili hadi tatu. Montana aliiacha nje, kwa sababu maseneta wake wasingempa kura. Mshauri wa kanuni za Seneti akasema hilo haliruhusiwi kwenye muswada wa bajeti, ambao unapita kwa kura chache kuliko kawaida kwa sharti uhusu fedha na si sera. Lee akalipunguza, akaondoa misitu, akabaki na ardhi ya BLM iliyo ndani ya maili tano kutoka penye watu. Wapi. Tarehe 28 Juni akaliondoa kabisa.

Unajua nani alimshinda? Wengi mngedhani ni watu wa mazingira. Hao walikuwepo, lakini waliomtoa jasho ni wawindaji na wavuvi, watu wa kofia na bunduki, wapiga kura wa chama chake mwenyewe. Simu zililia ofisini kwa maseneta mpaka basi. Ilikuwa marudio ya 2017, mbunge mwingine wa Utah alipoleta muswada wa kuuza ekari milioni 3.3 akaufuta mwenyewe kama wiki moja tu baadaye, wawindaji walipomjia juu.

Mjenzi Mtaratibu

Mkuu nakuheshimu ila unapendelea upande mmoja. Mimi niko Las Vegas, kazi yangu kupaka rangi nyumba. Mji umezungukwa na ardhi ya serikali pande zote kama mtu aliyefungwa mkanda. Kodi ya nyumba inapaa, vijana wanalala kwenye magari. Kuna jangwa la bure nje ya dirisha, halina mti halina mnyama wa maana, halafu unaambiwa lisiguswe kwa sababu kuna mzee na mbwa wake wanapenda kupiga kambi. Uza, watu wajenge.

Mzee wa Tela

Ndugu Mjenzi, Vegas una haki, na nisingetaka kukupinga hapo. Lakini Vegas tayari kuna njia. Tangu 1998 kuna sheria maalumu inayoruhusu BLM kupiga mnada ardhi ndani ya mpaka uliochorwa kuzunguka bonde lenu, na pesa haziendi Washington kupotea. Asilimia 5 inaingia elimu ya jimbo, 10 mamlaka ya maji, 85 inabaki kwenye akaunti ya kununua na kutunza maeneo mengine Nevada. Unauza hapa, unaponya pale. Nyumba nyingi unazopaka rangi huenda zimesimama kwenye ardhi iliyopita mlango huo.

Sasa linganisha na la Juni. Pesa karibu zote zilikuwa ziingie Hazina kuziba pengo la punguzo la kodi. Kifungu kilisema "nyumba" lakini hakikusema nyumba za bei ya nani. Anayenunua ekari 300 zinazotazama ziwa hamjengei fundi wa rangi, ndugu yangu. Anajenga moja, anaweka geti.

Mjenzi Mtaratibu

Hilo la geti nimelielewa. Ila tajiri akinunua si atatunza? Serikali inatunza nini, vyoo tu vinawashinda.

Mzee wa Tela

Kutunza huenda atatunza, ila atakuruhusu uingie? Hapo nirudi kwenye lile bao la drafti.

Wyoming bado lipo. Kisanduku cha umma, kisanduku cha mtu, kisanduku cha umma. Visanduku vya umma vinagusana kwenye kona tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walitaka kuvuka kona hiyo kwenye mlima unaoitwa Elk Mountain. Walibeba ngazi ya chuma, wakaitengenezea wenyewe miguu ya kutosha kukanyaga huku umma na kule umma, wakaiweka juu ya vigingi vya kona, wakapanda upande mmoja wakashukia upande wa pili. Unyayo haukugusa udongo wa mtu. Mwenye shamba akawashitaki, akidai wamepita kwenye hewa yake. Hewa, wakuu! Akataka fidia ya zaidi ya dola milioni 7 kwa madai kwamba watu wakiruhusiwa kuvuka, thamani ya shamba itashuka.

Fikiria hesabu hiyo inatuambia nini. Bei aliyolipia ilikuwa na ndani yake ardhi ya umma ambayo umma hauwezi kuifikia. Mahakama ya rufaa ilitoa hukumu Machi 2025 kwa faida ya wawindaji, ikiegemea sheria ya 1885 inayokataza kuzungushia ardhi ya umma uzio. Mahakama ya juu kabisa ikakataa kulisikiliza shauri, hukumu ikabaki. Miaka minne ya mahakama kwa ajili ya hatua moja. Hiyo ni pale ambapo ardhi bado ni yako. Ikishauzwa hata ngazi huna pa kuiegemeza.

Mama Zuhura

Kaka yangu, uzi mzuri, lakini kuna kitu kinaniwasha. Unasema ardhi ilibaki kwa sababu wanunuzi hawakuitaka. Ilibaki kutoka kwa nani? Watu walikuwa wanaishi humo. Nimekaa South Dakota miaka mitatu, nimewauguza wazee wa Kilakota, kabila la Wenyeji. Milima ya Black Hills walihakikishiwa kwa mkataba wa 1868, dhahabu ikaonekana, wakanyang'anywa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikakiri, ikaamuru walipwe kama dola milioni 106. Mpaka leo hawajazigusa. Pesa zimeshikiliwa serikalini zinazaa riba, na wao wanasema tunataka milima. Kwa hiyo neno "yako" la yule mzee wa hema mimi nalisikia tofauti kidogo.

Mzee wa Tela

Dada, umenigonga penyewe na sina la kujitetea. Nilianza hadithi katikati.

Niongeze moja tu linalounga mkono lako. Bears Ears, eneo la ardhi ya umma huko Utah, ilitengwa ilindwe 2016 baada ya makabila matano kuungana kuiomba: Hopi, Navajo, Ute wa aina mbili, na Zuni. Mwaka uliofuata ikakatwa asilimia kama 85 kwa saini moja ya Trump, na waziri aliyependekeza ni huyohuyo Zinke niliyemsifia hapo juu. Biden akairudisha 2021. Angalia lakini: ilirudishika kwa kuwa haikuwa imeuzwa. Na wale Walakota wanaokataa hela wamelijua hilo kabla yetu sote.

Kiroboto Mkavu

Halafu moto wa Grand Canyon uliounguza ile hoteli ya kihistoria Julai 2025, si ndiyo matokeo ya kupunguza wafanyakazi?

Mzee wa Tela

Hapana Kiroboto, tusiharibu hoja yetu kwa kuchomeka kila kitu. Ule moto uliwashwa na radi. Jinsi ulivyoshughulikiwa wana mjadala wao, mimi si mzimamoto.

Ila umenileta kwenye bajeti, ndiyo sababu ya kufungua uzi. Naona tulishangilia ushindi wa Juni tukageuza mgongo.

Februari 2025 hifadhi za taifa zilifukuza watu kama 1,000 kwa siku moja, Huduma ya Misitu maelfu. Walichaguliwa waliokuwa kwenye muda wa majaribio, kwa kuwa ni rahisi kuwatoa. Lakini muda wa majaribio huko unaweza kuanza upya hata mtu akipanda cheo. Yosemite walimfukuza fundi wao wa kufuli, na alikuwa peke yake. Hifadhi ya kilomita za mraba kama 3,000, mageti, maghala, vyoo, nyumba za wafanyakazi, mtu mmoja ndiye anayejua ufunguo upi unafungua nini. Wenzake wakatundika bendera ya taifa kichwa chini kwenye ukuta wa mwamba wa El Capitan, ishara ya hatari. Mahakama zikaamuru watu warudishwe, wengine wakarudi, wengine wakachukua kiinua mgongo wakaondoka. Kufika katikati ya mwaka, NPCA, chama kinachotetea hifadhi, kilihesabu kuwa wafanyakazi wa kudumu wamepungua karibu robo.

Hapohapo ikaja bajeti iliyopendekezwa ya 2026: punguza zaidi ya dola bilioni moja kwenye hifadhi za taifa, ambazo zote kwa pamoja zinatumia bilioni tatu na kidogo kwa mwaka. Pendekezo si sheria, Bunge ndilo linaloshika mfuko. Lakini linaonyesha mtu anatamani nini. Na wageni je? 2024 walikuwa karibu milioni 332, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Matengenezo yaliyoahirishwa, barabara, mabomba, madaraja, yamefika kama dola bilioni 23.

Mjenzi alisema vyoo vinaishinda serikali. Mkuu, vyoo havikushindikana vyenyewe. Ukimnyima ng'ombe majani, usishangae anakonda, na wala usije baadaye na mzani ukasema huyu hafai kufugwa, tumpeleke mnadani.

Msumeno wa Wawili

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Niliwahi kufanya kazi ya msimu kusafisha njia za miguu Idaho. Kwenye maeneo yale yaliyolindwa kwa sheria ya nyika ya 1964 hairuhusiwi injini ya aina yoyote. Msumeno wa moto marufuku. Unatumia ule mrefu wa watu wawili, mmoja huku mmoja kule.

Mti ukianguka juu ya njia, kazi ya kwanza si kukata. Unazunguka kwanza kuutazama umelalia wapi. Ukikata upande uliobanwa, mti unajifunga na kuuma msumeno, hautoki. Kwa hiyo mnakata kidogo, mnapigilia kabari ya plastiki kwenye mpasuo, mnakata tena. Huruhusiwi kusukuma, unavuta tu. Ukisukuma chuma kinajikunja. Mwenzako akivuta wewe unaachia. Siku ya tatu mnaacha kuongea, msumeno unaongea wenyewe, una sauti kama mtu anayekoroma kwa raha. Mti mmoja mnene saa nzima. Njia moja inaweza kuwa na miti mia mbili ikipita dhoruba ya baridi.

Sasa nataka watu wajue: Huduma ya Misitu ilitangaza Septemba 2024 kwamba haitaajiri watu wa msimu kwa mwaka wa fedha 2025, isipokuwa wazimamoto. Septemba 2024, Trump hajaingia. Hela zilikuwa zimeisha. Kwa hiyo kubana bajeti kuna chama kimoja kimefanya kwa shoka na kingine kilifanya kwa kuangalia pembeni.

Njia isiyosafishwa miaka miwili, watu wanazunguka mti, wanatengeneza njia ya pembeni, maji yanafuata njia hiyo, mwaka wa tatu una korongo. Mwaka wa tano ramani inasema kuna njia, mguu unasema hakuna. Hakuna aliyepiga kura kuifunga.

Mzee wa Tela

Aisee. Msumeno, karibu sana jukwaani, umesema kwa aya chache nilichohangaika nacho tangu asubuhi.

Hilo la vyama vyote ni kweli na lisipuuzwe. Nitawapa haki pia pale wanapostahili: mwaka 2020 Bunge lilipitisha, Trump akasaini, sheria iliyohakikisha dola milioni 900 kila mwaka za kununua na kuboresha maeneo ya umma, zikitoka kwenye mrabaha wa mafuta ya baharini, na nyongeza ya mabilioni ya matengenezo kwa miaka mitano. Vyama vyote viwili walipiga kura ya ndiyo. Ile ya matengenezo miaka yake mitano ilianza 2021, hesabuni wenyewe.

Binti wa Kusi

Swali la kizembe samahani. Mimi ni mtu wa Minnesota, siendi magharibi, siwindi, siwezi kulala kwenye hema hata unilipe. Inanihusu nini?

Mzee wa Tela

Si la kizembe, mdogo wangu. Kwenu kaskazini kuna Boundary Waters, maziwa zaidi ya elfu moja ndani ya msitu wa taifa. Nenda siku moja na mtumbwi, utanijibu wewe.

Mimi nina lori la kupakia, ila nimalize na nililoliona. Serikali ilifungwa kuanzia Oktoba mosi 2025 mpaka Novemba 12, siku 43. Hifadhi nyingi ziliachwa wazi, watumishi wakarudishwa nyumbani. Nilikuwa na siku mbili za mapumziko nikampeleka mke wangu na watoto kwenye hifadhi moja, sitaitaja. Kibanda cha kulipia getini kimefungwa, dirishani kuna kikombe cha kahawa na kalamu, kama mtu aliyesema anatoka dakika mbili. Magari yanapita tu. Mwanangu wa kiume akafurahi, baba leo bure!

Kiingilio cha gari kwenye hifadhi kubwa ni dola 35. Asilimia 80 ya hela hiyo kisheria inabaki hapohapo, kwa ajili ya njia, vyoo, mabomba. Yaani dola 28 kila gari. Nikiwa foleni ya kuingia nilihesabu magari mbele yangu, yalikuwa 41, na nyuma kona ilinizuia kuona mwisho. Tulipofika eneo la maegesho choo cha kwanza kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo, cha pili kilikuwa wazi na hakuna aliyekuwa anaingia. Mama mmoja wa makamo, mtalii kama sisi, alikuwa amevaa glavu za jikoni za njano, anaokota karatasi na kuzitia kwenye mfuko. Mke wangu akafungua buti, akatafuta mfuko mwingine, akamfuata.

Nimeitwa mlango namba 14, napakia. Nikifika Salt Lake nitajibu waliobaki.